Nani atie saini ya ukumbi wa mahafali: mwanafunzi, mzazi, skuli au mratibu?

Hapa Zanzibar, kamati ya karamu ya kuagana ya kidato cha sita haichelewi kukubaliana juu ya rangi ya nguo, pilau au biriani, na nani atapiga picha. Inakwama pale afisa wa mauzo wa hoteli anapogeuza karatasi na kuuliza: mkataba niuandike kwa jina la nani? Watu wanatazamana, na mara nyingi linaloandikwa ni jina la yule aliyekaa karibu na kalamu.

Majina yanayoweza kuandikwa hapo ni matano: kiongozi wa wanafunzi, mzazi mmoja, skuli yenyewe, mratibu wa shughuli, au wazazi watatu kwa pamoja. Ukiwapima kwa sifa zao wote ni watu wema, kwa hiyo nimewapima kwa hesabu moja na maswali mawili. Pesa zikipungua, nani anao uwezo wa kuziba pengo? Na akishaliziba, ana njia gani ya kurudishiwa na wenzake?

Hesabu yenyewe

Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe nyepesi kuhesabika. Darasa lina wanafunzi 140. Hoteli inataka shilingi 45,000 kwa kila sahani, na inasema idadi ya chini ni watu 120: wakija 120 au wakija 60, utalipia 120. Hiyo ni 5,400,000. Arubuni ni asilimia 30, yaani 1,620,000, inayolipwa siku ya saini. Juu yake kuna amana ya uharibifu 500,000, inayorudishwa baada ya shughuli kama hakuna kilichovunjika.

Kwenye grupu la WhatsApp watu 131 waliandika "nipo". Siku ya mwisho ya malipo, waliolipa kweli ni 96. Makusanyo ni 4,320,000. Pengo ni sahani 24, sawa na 1,080,000, na hoteli haimjui hata mmoja katika wale walioandika "nipo". Inamjua aliyetia saini.

Ukishalielewa pengo hilo umeuelewa mkataba karibu wote. Kuna watu wanaosoma menyu mara tatu na hawausomi mstari wa idadi ya chini hata mara moja. Menyu ikiwa mbaya mtanung'unika usiku mmoja, lakini mstari ule unaweza kukutoa milioni.

Jina la kwanza: mwenyekiti wa wanafunzi

Hapa lazima tutofautishe kidato cha nne na kidato cha sita, maana watu huwaweka fungu moja na sheria haiwaweki.

Wa kidato cha nne wengi hawajatimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu aliye chini ya umri huo kuwa mtoto. Sheria ya mikataba tunayoitumia visiwani, ambayo ni yake peke yake na si ile ya Bara, imerithi misingi yake kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na katika msingi huo mkataba wa mtoto si mkataba. Baraza la Privy la London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni ya Kiingereza, lilikwisha kulikata jambo hili mwaka 1903, katika kesi ya Kihindi ya kijana aliyeweka rehani nyumba yake kabla ya kufikia umri: mkataba wake ulihesabiwa batili tangu mwanzo. Hoteli yenye akili haitapokea saini ya namna hiyo. Ikipokea, basi nanyi hamna cha kushika mkono: siku hoteli ikimpa ukumbi mtu wa harusi aliyetoa zaidi, mtaisimamisha vipi kwa mkataba usiokuwepo?

Wa kidato cha sita ni kinyume chake, na ndio hatari zaidi. Ana miaka 18, 19, pengine 20. Saini yake inamfunga sawasawa na ya baba yake. Ila hana kazi, hana akaunti yenye kitu, na wiki mbili baada ya mtihani wa Mei wenzake wametawanyika: huyu karudi Micheweni, yule yuko kwa shangazi Dar es Salaam, mwengine simu haipatikani. Ile 1,080,000 inabaki kwa kijana mmoja ambaye kosa lake ni kuchaguliwa kwa kura nyingi. Kitakachotokea tunakijua: mzazi wake atalipa, kwa mkataba asiouona wala kuulizwa.

Kuna wanaosema tuwaachie vijana wajifunze kubeba jukumu. Naafiki, lakini jukumu linalofundisha ni lile analoliweza mtu. Wapeni kazi ya kuweka daftari la waliolipa, kuchagua menyu, kupanga meza, kumbana mpiga picha. Kazi ya orodha peke yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, na ndiyo inayoamua kama pengo litakuwa la sahani 24 au 4. Saini waachieni wakubwa.

Jina la pili: mzazi mmoja

Hili ndilo linaloandikwa mara nyingi kuliko yote, na faida yake ni moja tu: wepesi. Mama mmoja anayefanya kazi mjini anapita hotelini saa ya chakula, anatia saini, anarusha picha ya risiti kwenye grupu, anapata maua na mikono ya dua. Ukumbi umepatikana. Kama tarehe inagombaniwa, wepesi huo una thamani kweli, siudharau.

Bei yake ni kwamba deni zima ni lake. Wengi hudhani wakiandika "kwa niaba ya wazazi wa kidato cha sita" chini ya jina lao wamejikinga. Grupu la wazazi si kampuni, si jumuiya iliyosajiliwa, halina muhuri wala mali. Ukisema unamwakilisha mtu ambaye kisheria hayupo, mbele ya hoteli umebaki wewe. Maneno yale yanasaidia pale tu nyuma yako kuna taasisi ya kweli iliyokutuma kwa maandishi.

Swali la pili, la kurudishiwa, ndilo linalomwelemea zaidi. Ana nini mkononi? Ana "nipo" 131 na vikatuni vya mikono. Kwa sheria anaweza kujaribu kuonesha kwamba wenzake waliahidi. Kwa hali zetu hatajaribu. Watoto wamesoma pamoja, wazazi wanakutana msikitini na sokoni Darajani, na kumdai mtu 45,000 ya mtoto wake ni jambo la aibu kwa anayedai kuliko anayedaiwa. Atanyamaza, atalipa, na mwaka unaofuata hatakubali tena kuingia kamati yoyote.

Liko jengine ambalo watu hawapendi kulitaja. Maiti wa Kiislamu hulipiwa madeni yake kwanza kabla ya urithi kugawiwa. Deni la ukumbi wa darasa zima lililoandikwa kwa jina la mtu mmoja, akiondoka, linakaa kwenye mali ya mayatima wake. Kwa sababu hiyo tu mimi nisingemwachia mzazi mmoja karatasi hii peke yake hata angekuwa tajiri.

Pamoja na hayo, michango huingia kwenye simu yake, kwenye namba ileile anayopokelea mshahara na kutumia mahitaji ya nyumba. Hata awe mwaminifu kiasi gani, baada ya wiki tatu hawezi kusema ipi ni ya mahafali bila kukaa na kalamu. Mali bila daftari huisha bila habari, na wa kwanza kutiliwa shaka ni yule aliyejitolea.

Jina la tatu: skuli

Kwa uwezo na kudumu, skuli inawashinda wote. Darasa litaondoka, wazazi watasahauliana, skuli itakuwa palepale mwakani, na hoteli inalijua hilo: mwenye jina la kudumu hupewa masharti laini, kwa sababu hoteli inawaza na mahafali ya mwaka ujao. Amana ya uharibifu nayo ina pa kurudi. Na nidhamu ya usiku ule ina mwenyewe, kitu ambacho hakuna mzazi anayeweza kukiahidi kwa watoto 100 wa watu.

Lakini "skuli" ni nani? Kwenye skuli binafsi uliza mmiliki ni nani kisheria, kampuni, jumuiya au wakfu, na nani ameruhusiwa kuitilia saini. Mwalimu mkuu si lazima awe yeye. Kwenye skuli ya Serikali mambo ni mazito zaidi. Mwalimu mkuu ni mtumishi wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na muhuri ulio mezani kwake haumpi ruhusa ya kuifungisha Serikali deni la karamu. Akitia saini bila kibali cha maandishi kutoka juu, anajiweka mwenyewe pabaya na hoteli inabaki na karatasi yenye mgogoro. Mwalimu mkuu mwenye busara atakwambia hivyo mwenyewe. Msimlaumu wala msimshawishi.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwa shilingi. Skuli ikitia saini, shughuli ni ya skuli. Itakuwa mchana, kwa joho au sare, mgeni rasmi atachelewa na atahutubu, na kabla ya Magharibi kila mtu yuko kwenye daladala. Vijana wanaotaka jioni ya kukaa mezani na kuagana polepole hawataipata. Sioni ubaya katika mahafali ya namna hiyo, na wazazi wengi, khasa wa mabinti, ndiyo wanayoitaka. Ila kamati ijue inanunua nini. Nimeona watu wakiitaka saini ya skuli huku hawataki kanuni zake, na hayo mawili hayakai sahani moja.

Na kama karamu ni baada ya mtihani wa mwisho? Hapo skuli nyingi zitasema watoto hawa si wetu tena, na zina haki.

Jina la nne: mratibu wa shughuli

Mratibu anakuja na kila kitu: mapambo, muziki, mshereheshaji, keki, na anasema hoteli mwachieni mimi. Kwa kamati iliyochoka, maneno hayo ni matamu.

Cha kujua ni kwamba hapo mikataba inakuwa miwili. Nyinyi mna mkataba na mratibu, yeye ana mkataba na hoteli. Hoteli haiwajui. Mkimlipa yeye 5,400,000 naye asiifikishe, mlango utafungwa na hamna la kuiambia hoteli, kwa sababu kwake hamjalipa hata senti. Mtabaki mnamdai mratibu, ambaye pengine ana simu mbili na hana ofisi.

Kwa hesabu yetu, mratibu anaonekana kubeba pengo la 1,080,000, maana ni yeye aliyetia saini. Tazama mkataba wake na nyinyi: idadi ya chini utaikuta imehamishiwa humo humo, mara nyingi imepandishwa. Pengo limerudi kwenu, na juu yake mnamlipa ujira. Yuko mratibu mmoja katika wengi atakayekubali kulibeba mwenyewe kwa bei ya juu kidogo. Ukimpata huyo, na ana leseni na ofisi unayoweza kuifikia, ni biashara nzuri.

Kwa wengine wote ushauri wangu ni mfupi. Mpeni mapambo na muziki. Ukumbi na chakula lipeni wenyewe, moja kwa moja kwenye akaunti ya hoteli, risiti iandikwe jina lenu. Ukiwepo muziki wa kutumbuiza, mwambieni ashughulikie kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na nakala akuleteeni kabla hamjamaliza kumlipa.

Jina la tano: wazazi watatu na karatasi ya ndani

Hili nalipenda kuliko mengine kwa karamu ya jioni hotelini, ingawa lina kazi.

Wazazi watatu wanatia saini mkataba mmoja na hoteli. Msidhani kwamba kila mmoja amejifunga kwa thuluthi. Katika sheria iliyotokana na ile ya India, walioahidi pamoja wanaweza kudaiwa pamoja au kila mmoja kudaiwa lote. Hoteli inaweza kumfuata mmoja tu, yule mwenye duka, kwa 1,080,000 yote. Tofauti na mzazi wa peke yake ni kwamba huyu akilipa ana haki ya kuwadai wenzake wawili mafungu yao, 360,000 kila mmoja, na haki hiyo imetoka kwenye sheria yenyewe. Haimlazimu kuthibitisha maneno ya WhatsApp.

Thuluthi ya pengo bado ni pesa nyingi kwa mtu aliyejitolea. Kwa hiyo wanaandikiana karatasi ya ndani na wazazi wengine, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kila mzazi anayetaka mtoto wake ahudhurie anaitia saini wakati wa kulipa fungu la kwanza. Ndani yake mambo ni machache: mtoto wa nani, kiasi gani, lini mwisho, asiyemaliza kulipa siku hiyo hahudhurii na fungu lake la kwanza linaziba pengo, pengo likibaki, waliosaini wote wanagawana, pesa zikizidi, zinakwenda wapi. Hilo la mwisho lisisahaulike. Ugomvi wa mahafali uliowahi kufika kwa sheha mtaani petu ulikuwa wa pesa zilizobaki.

Michango iingie kwenye akaunti ya benki inayotaka saini mbili kutoa, Benki ya Watu wa Zanzibar au nyengine yoyote. Inachukua siku kuifungua, ndiyo maana watu huikwepa. Anayekusanya kwa simu naye akubaliwe, mradi kila jioni azihamishie huko na orodha iwekwe mbele ya grupu.

Ubaya wa njia hii ni mwendo wake. Kupata watatu walio tayari ni wiki, karatasi ya ndani kuzungushwa ni wiki nyengine. Tarehe ikiwa imekaribia, hamuwezi.

Ana kwa ana: skuli na wazazi watatu

Kwa wengi uchaguzi wa kweli uko baina ya hawa wawili, maana mwanafunzi na mzazi wa peke yake nawatoa kabisa, na mratibu nampa kipande tu.

Kama shughuli ni ya mchana, walimu wapo, mgeni rasmi yupo na kidato ni cha nne, nendeni na skuli, mkipata kibali cha maandishi. Watoto wa miaka 16 na 17 wanahitaji msimamizi kuliko wanavyohitaji meza yenye mishumaa. Kibali kikikataliwa lakini skuli inaridhia shughuli, wazazi watatu watie saini ya ukumbi na skuli itoe barua ya kukubali kusimamia. Barua hiyo haibebi deni, na mwalimu mkuu hana sababu ya kuiogopa.

Kama ni jioni, hotelini, kidato cha sita, wazazi watatu. Hapa ningesimama hata skuli ikijitolea, kwa sababu ya lile la kanuni, na kwa sababu mtihani wa Mei ukishamalizika skuli haina tena mamlaka juu ya hao vijana.

Ukumbi wa umma, kama ule wa Sheikh Idrissa Abdulwakil pale Kikwajuni au wa Makonyo kule Wawi, Pemba, unageuza hesabu. Unakodi kuta na viti, idadi ya chini ya sahani haipo, chakula unatafuta mwenyewe. Pengo la watu 24 linakuwa dogo, maana mpishi unamwambia idadi siku chache kabla na kodi ya ukumbi haibadiliki. Hatari inahama kutoka kwenye deni kubwa moja kwenda kwenye madeni madogo matano: ukumbi, mpishi, muziki, usafiri, mapambo. Hapo hata mzazi mmoja anaweza kubeba kimoja kimoja, kila mmoja chake, na hakuna anayekufa nacho.

Pemba kwa jumla naona wametutangulia katika hili, pengine kwa sababu hoteli kubwa ni chache. Uwanja wa skuli, turubai, viti vya kukodi, mpishi wa shughuli anayepewa pesa ya mchele na nyama kwanza na ya kazi baadaye. Pilau ni lile lile. Anayetoa pesa ya mchele ndiye anayekwenda nayo dukani na mpishi, na mambo yanaishia hapo.

Vya kudai kabla kalamu haijagusa karatasi

Yeyote atakayetia saini, idadi ya chini ndiyo ya kupigania kwanza. Msiangalie darasa lina wangapi. Angalieni waliolipa fungu la kwanza, kisha punguzeni kidogo. Katika mfano wetu, mngeandika 90 badala ya 120, wale 96 wangelitosha na pengo lisingekuwepo. Kuongeza sahani wiki ya mwisho hoteli haikatai. Kupunguza ndiyo haikubali.

Nguvu ya kupigania mnayo, kwa kidato cha sita hasa. Aprili na Mei ni masika, watalii wamepungua, baadhi ya hoteli za pwani hufunga kabisa, na meneja anayeukuta ukumbi wake mtupu Jumamosi ya Aprili atasikiliza. Mkitaka Julai au Agosti, mgeni wa nje anawashinda kwa bei. Mkiwaza Ngome Kongwe, kumbukeni Februari huwa kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara. Ramadhani nayo hurudi nyuma kila mwaka kwa siku 10 au 11. Mwaka 2026 imeangukia Februari na Machi, kwa hiyo Aprili ni wazi, lakini kamati ya miaka ijayo ianze na kalenda.

Arubuni ni suala la peke yake. Hoteli zitaandika kwamba hairudishwi kwa hali yoyote. Wanazuoni wa fikihi wametofautiana juu ya muuzaji kuimeza arubuni pale mnunuzi anapoghairi: wengi, na Mashafii wakiwemo, ambao ndio wengi kwetu, waliikataa; Mahanbali waliikubali; na Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliipitisha mwaka 1993 kwa sharti muda wa kungojea uwe umewekewa mpaka. Siwapi fatwa. Nasema tu kwamba meneja wa Kizanzibari anayajua haya, na ukimwomba kwa upole aandike tarehe ambayo kabla yake arubuni inarudi nusu, au inahamia tarehe nyengine, mara nyingi atakaa azungumze nawe.

Kuhama kwa tarehe kuandikwe waziwazi na sababu zake. Machi 2020 skuli zote zilifungwa kwa corona, na kidato cha sita walirudi madarasani tarehe 1 Juni. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024, nchi ilikuwa kwenye maombolezo siku saba. Hakuna kamati ingeweza kufanya karamu. Sheria ina mlango kwa mkataba uliokuwa muhali kutekelezwa bila kosa la mtu, lakini mlango huo unapitia mahakamani. Mstari mmoja kwenye mkataba, "Serikali ikifunga skuli au ikitangaza maombolezo, tarehe itahamishwa bila malipo ndani ya miezi mitatu", unawatosheni.

Mengine ni ya haraka. Bei iandikwe kama ina kodi ya VAT ndani au itaongezwa. Jenereta iandikwe, umeme ukikatika nani analipa mafuta. Baa ya ukumbi ifungwe usiku huo, na mhudumu asiwauzie vijana kitu kwenye bili ya meza. Mzazi wa Kizanzibari atasamehe chakula kibaya, hili hatasamehe. Nafasi ya kusalia Magharibi na Isha. Ukumbi upigwe picha kabla ya kuingia na baada ya kutoka, na mtu wa hoteli akiwepo, maana ile 500,000 ya uharibifu hukatwa kwa viti vilivyokuja vimevunjika. Mkataba ukiwa wa Kiingereza na mmoja wa watatu hasomi vizuri, asomewe wote, na hoteli ikiombwa tafsiri isione taabu.

Karatasi ya ndani inaweza kuanza hivi, badilisheni namba:

"Sisi wazazi tuliotia saini hapa tunakubali kwamba (jina), (jina) na (jina) wamekodi ukumbi wa (hoteli) kwa karamu ya watoto wetu ya tarehe (…). Kila mmoja wetu atalipa shilingi 45,000 kwa mtoto kabla ya tarehe (…). Atakayelipa sehemu tu, mtoto wake hatahudhuria na alicholipa kitatumika kulipia pengo. Pengo likibaki, tutaligawana sawa sote tuliosaini, na hao watatu hawatadaiwa zaidi ya fungu lao kama sisi. Kitakachobaki baada ya hoteli kulipwa kitarudishwa kwa waliolipa kamili ndani ya siku 14."

Saini, jina la mtoto, namba ya simu. Asili wabaki nayo wale watatu, nakala apewe katibu wa wanafunzi, kwa kuwa ndiye mwenye daftari. Hotelini waende baada ya saini hizo kufikia idadi watakayoiandika kwenye mkataba.